Robota Kwenye Nafasi ya Fundi

Nakumbuka mchana ule wa kiangazi, Masasi mjini, nilipofunga kichwa cha cherehani yangu kwenye kibebeo cha baiskeli kwa mpira wa tairi, nikaapa kwamba chama cha mafundi wa mji ule hakitaniona tena mpaka nife. Nilikuwa kijana, mwanangu, nina nguvu za kupanda mlima wa Newala kwa baiskeli bila kushuka. Hilo ni uongo, nilikuwa nashuka, kila mtu hushuka. Lakini siku ile nilikuwa na hasira za kuupanda wote.

Nitakueleza ilikuwaje, na nitakueleza polepole, maana nyie mliochaguliwa juzi kuongoza mafundi mna haraka ya ajabu. Mnasoma ajenda kama watu wanaofukuzwa na nyuki. Mimi nilikomea darasa la nne na mwandiko wangu ni mbaya, najua. Ila nimekula kwa sindano maisha yangu yote, nimejenga kwa sindano, nimesomesha kwa sindano, na hicho chama chenu nilikiongoza kabla hujajua kutunga uzi. Kwa hiyo kaa chini.

Zilikuwa enzi za ruksa. Kabla ya hapo nguo ilikuwa kitu cha foleni. Kitambaa kikifika duka la ushirika kwetu Mkunya, kule juu Newala, wanawake wanapigana viwiko, na fundi anatembea kifua mbele kama diwani. Nilijifunza kushona kwenye kibaraza cha duka hilohilo. Mara tukaambiwa biashara sasa ni huria, duka la ushirika likafungwa, na marobota ya mitumba yakaanza kushuka kwenye malori. Ukilikata kamba robota moja linamwaga suruali, mashati, na makoti mazito ya baridi. Baridi gani hapa Masasi, sijui. Na shati zima kutoka mle lilikuwa rahisi kuliko ujira wangu wa kushona kola peke yake.

Nikaona huku juu nitakufa njaa. Nikamuaga mama, nikateremka mjini.

Mafundi wa Masasi walikuwa wanakaa barazani kwa Bwana Sefu, mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na duka la vitambaa lenye baraza ndefu inayotazama barabara. Cherehani zimepangwa mstari mmoja, kila fundi na mahali pake. Sasa huyu Bwana Sefu naye alikuwa ameshaonja mitumba, na stoo yake ilikuwa imejaa mpaka darini. Akawaambia mafundi bila kuficha: "Nafasi yenye fundi naiheshimu. Nafasi tupu naweka mzigo." Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano. Fundi akiondoka na asipopatikana mwingine, jioni unakuta robota limekaa mahali pake, limefungwa mikanda, limetulia kama mwenye nyumba. Na robota likishakaa haliondoki.

Elewa hapo, mwanangu, maana ndipo palipokuwa na roho ya jambo. Chama ndicho kilichokuwa kinapokea mafundi wapya na kuwapa nafasi. Kikipokea vizuri, baraza inabaki ya mafundi. Kikipokea vibaya, baraza inaliwa, robota moja baada ya jingine. Kwa upande wangu ilikuwa nipate mahali pale nikae mjini, au nirudi kwetu nikauze cherehani. Cherehani niliyoipata kwa kupalilia mikorosho ya watu miaka na miaka, mgongo unaniuma mpaka leo.

Mwenyekiti alikuwa Baba Zaituni, fundi wa suti. Fundi kweli, sitamdhulumu. Koti lake ukilivaa unasimama wima hata kama una deni. Lakini alikuwa mtu wa kupenda kiti. Kikao kikianza anakaa upande wake peke yake, anatugeuzia uso kama hakimu, na ukichelewa unasimama mpaka mwisho.

Siku nilipoingia kikaoni mara ya kwanza nilizunguka na shikamoo zangu, mzee mmoja mmoja. Baba Zaituni akaitikia, akaniuliza, "Wa wapi wewe?"

"Newala, Mwenyekiti. Mkunya."

"Ahaa! Mtu wa juu!" Akawageukia wenzake. "Jamani, mpeni maji huyu. Kwao wanaoga kwa kikombe."

Fundi mmoja mnene, Daudi, akadakia, "Kikombe? Hicho cha sikukuu! Siku za kawaida anajifuta na umande wa mikorosho."

Kicheko kikapasuka. Mmoja akanisogezea kata tupu ya maji, akainama kabisa kama anamhudumia sultani.

Wewe umekulia na mabomba, hujui. Kule juu enzi zile maji yalikuwa bondeni, chini kabisa ya ukingo wa nyanda. Mama yangu alikuwa anashuka na giza na kupanda na ndoo kichwani, jua linamkuta njiani, na mguu wake mmoja ulikuwa mbovu. Kwa hiyo wakati wao wanacheka, mimi nilikuwa namuona yeye kwenye ile njia.

Usinielewe vibaya. Utani naujua. Sisi watu wa kusini tunataniana mpaka makaburini, na asiyetaniwa ujue hana watu. Lakini mtani kwanza anakujua. Anajua unaitwa nani, anajua kwenu wapi, ameshakula nawe sahani moja, ndipo anakupiga dongo na wewe unalirudisha. Wale walinitania, kisha wakaendelea na kikao, wala hapana aliyeniuliza jina. Walidhani wameshanikaribisha! Eti wamenichangamkia! Hapo ndipo watu wetu tunapokosea mpaka leo, tunadhani kumchekesha mgeni ni sawa na kumpa mahali pa kukaa.

Tangu hapo nikawa Newala. "Newala, sogea." "Newala, nishikie hiki kitambaa." Nilipewa nafasi ya mwisho kabisa barazani, karibu na mfereji, na mimi kwa upumbavu wa ujana nikanuna. Nilikuwa nafika nimenuna na naondoka nimenuna.

Mtu mmoja tu alikuwa ananiita jina langu, naye ni Bwana Sefu. Siku ya kwanza nilipokwenda kununua uzi aliniuliza, "Kijana, unaitwa nani? Wazazi wazima?" Nikamwambia naitwa Rashidi, baba alishatangulia, mama yupo ila mguu unamsumbua. Basi kila nikipita, "Rashidi, mama mguu vipi? Njoo unywe chai." Na baada ya chai: "Rashidi, ukiona ushonaji haulipi, njoo ndani unichambulie mitumba." Mafundi waliokuwa wamekalia nafasi zile zilizojaa marobota ndiko walikoishia. Fundi mmoja wa Nanganga, mwenye mkono mzuri kweli wa magauni, nilimkuta mle stoo anatenganisha soksi.

Basi ikafika wakati watoto wapo jandoni na siku ya kuwatoa inakaribia. Huo ndio ulikuwa msimu wetu. Mitumba au si mitumba, mtoto wa jandoni hatolewi na nguo iliyovaliwa na mtu mwingine, wazazi wangeona aibu. Ikaja familia kubwa kutoka Lupaso, ukoo mzima, wanataka mashati mapya ya watoto, magauni ya kitenge cha aina moja kwa mama zao na shangazi zao, na kanzu za wazee. Kazi ya namna hiyo haimalizwi na fundi mmoja, hivyo Baba Zaituni akaitisha kikao kuigawa.

Akagawa. Daudi magauni. Mzee Mponda kanzu. Huyu mzee ndiye aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri, anashonea mashehe kanzu na wanakwaya majoho, na wote wanamwita baba. Akaendelea kugawa mpaka akamfikia jirani yangu, kisha akasema, "Haya, tufunge kikao."

Nikakohoa. "Na mimi, Mwenyekiti?"

"Wewe Newala subiri kwanza. Tukuzoee."

Mtanizoeaje? Hebu niambie wewe. Mtu hammpi kazi, hamli naye, hamjui anaitwa nani, mtamzoea kwa njia gani, kwa harufu? Lakini sikulisema hilo. Nilinyanyuka, nikatenganisha kichwa cha cherehani na miguu yake, nikaanza kufunga baiskeli. Sijakaza fundo la mwisho, wapagazi wa Bwana Sefu wakatoka na robota, wakalitua pale pale, bado pana joto langu. Mafundi wakatazama. Mmoja akasema, "Lo, mtu wa juu kasusa." Wakarudi kwenye kazi zao.

Sikufika mbali. Nilikuwa naisukuma baiskeli kuelekea njia ya Newala nikasikia nyuma yangu makobadhi yanapiga ardhi na mtu anahema.

"We kijana! Simama!"

Mzee Mponda, na tepu yake ya kupimia shingoni. Nikamwambia shikamoo.

"Usinishikamoo! Unanikimbiza na umri huu kisha shikamoo? Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, Mzee. Nimedharauliwa."

"Nimeona. Na ukawaambia nini?"

"Sikuwaambia kitu."

"Umemwambia nani sasa, baiskeli?" Akashika usukani. "Umekuja na mdomo umeuvuta mpaka hapa tangu siku ya kwanza. Nani atajua unaumwa wapi? Mtu akikosewa anasema. Haya, nani anakusubiri huko juu?"

"Mama."

"Utamwambia umerudi kwa nini?"

Nilijaribu kulitengeneza jibu nikaona halitengenezeki. Utamwambiaje mama mwenye mguu mbovu kwamba umeacha kazi kwa sababu watu walikucheka maji anayokubebea?

"Nakusubiri," akasema Mzee Mponda.

"Sina la kumwambia, Mzee."

"Basi geuza hiyo baiskeli."

Tukarudi. Mafundi walipotuona wakaanza miguno na vicheko. Daudi akasema, "Karudi! Kasahau kikombe chake!" Mzee Mponda wala hakumwangalia. Akasimama mbele ya Baba Zaituni, katikati ya baraza, wateja wanapita.

"Mwenyekiti, huyu kijana anaitwa nani?"

"Si huyo Newala."

"Newala ni wilaya. Nimekuuliza jina la mtu."

Baba Zaituni akakwangua chaki kwenye kitambaa.

"Daudi, wewe uliyemjua mpaka anavyooga. Anaitwa nani?"

Daudi akaanza kutafuta sindano ambayo haikuwa imepotea. Mzee akamuuliza wa tatu, akamuuliza wa nne. Kisha akapaza sauti ndani ya duka: "Bwana Sefu! Huyu nani huyu?"

Bwana Sefu akachungulia. "Huyo? Rashidi. Mama yake yuko Mkunya, ana mguu. Kwani anaondoka? Rashidi, usiende mbali baba, humu ndani kazi ipo."

Mzee Mponda akawageukia. Nimegombezwa mara nyingi, mwanangu, lakini sijaona watu wazima wakigombezwa vile kwa sauti ndogo vile. Akasema, "Mmesikia wenyewe. Anayetaka kututoa hapa anatujua majina na anajua mama zetu wanaumwa wapi. Sisi tunaojiita ndugu hatujui. Sasa mnashangaa nini wenzetu wakihamia kwake? Mimi mwenyewe ningehamia. Chai anatoa."

Baba Zaituni akasimama. Alikuwa amekasirika mpaka masikio yamesimama. "Mzee, nakuheshimu. Lakini mimi nilichaguliwa kuongoza. Sikuchaguliwa kubembeleza watu wazima."

"Kuongoza nini, baba?" Mzee akanyoosha kidole kwenye baraza, mahali palipokuwa na mafundi na mahali palipokuwa na mizigo. "Ukienda hivi mwakani utaongoza marobota. Hayo hayahitaji kubembelezwa. Wala hayakwambii shikamoo."

Hapo hakucheka mtu. Baba Zaituni akatoka kwenye kiti chake, na sisi sote tukajua anaondoka zake, chama kimekufa. Hakuondoka. Alikwenda mpaka kwenye lile robota lililokuwa mahali pangu, akashika mikanda, akavuta. Robota la mitumba si mchezo, mtu mmoja haliwezi. Likasogea kidogo likagoma. Akavuta tena, koti lake zuri linamtatuka kwapani. Watu wanatazama tu, kila mmoja anamsubiri mwenzake.

Sijui nani alinisukuma. Nadhani ni aibu, maana kumtazama mkubwa anahangaika namna ile peke yake si adabu tuliyofunzwa jandoni. Nikaegesha baiskeli, nikashika upande wa pili. Tukalinyanyua. Tukiwa nalo katikati, yeye anakwenda kinyumenyume, anahema, akaniuliza bila kunitazama usoni, "Rashidi nani?"

Nikamtajia jina la baba yangu.

"Chukua yale mashati ya watoto, Rashidi. Yote. Na uniambie kuhusu mguu wa mama."

Bwana Sefu alitufungulia mlango huku anacheka, maana mfanyabiashara hanuni. Nikafunga tena cherehani yangu kwenye miguu yake, nikashona mashati ya watoto wa Lupaso, na siku waliyotolewa nilikwenda mwenyewe kuwatazama wanapita na vumbi na ngoma na mashati yangu. Kola zote zimekaa. Sijapata kujisikia mkubwa kama siku ile, hata nilipoezeka bati.

Nisikudanganye kwamba yote yalinyooka. Fundi wa Nanganga hakurudi, alikaa na soksi zake mpaka akazeeka. Baba Zaituni aliendelea kupenda kiti, na mara mbili tatu aliniita Newala kwa kusahau, kisha anajipiga kwenye paji la uso. Lakini tangu siku ile hakufungua kikao kabla hajauliza: nani mgeni hapa, analala wapi, nani atakula naye leo. Na utani haukuisha, ulizidi! Mama yangu alipofariki, Daudi yule mnene alipanda kwetu na ndoo ya maji kichwani, mwanamume mzima, anatokwa jasho, akaitua mbele ya waombolezaji akasema, "Haya watu wa juu, leo muoge wote." Watu wakaangua kicheko msibani. Nilicheka mimi kuliko wote, machozi yananitoka. Maneno yalikuwa yaleyale. Ila sasa alikuwa ameibeba yeye hiyo ndoo.

Sasa njoo kwako, mwanangu, ndicho kilichonifanya nichukue kalamu. Nilikuja kwenye mkutano wenu juzi. Nikakuta meza kuu ina kitambaa na maua ya plastiki, chupa za maji mbele ya viongozi tu, wanachama wakavu. Mshereheshaji anatuambia itifaki imezingatiwa. Itifaki ya nani? Pale mlangoni alisimama binti mmoja na kanga yake, ana tepu ya kupimia mkononi, mkutano mzima amesimama na viti vipo. Nikakuuliza wewe, "Nani yule?" Ukanijibu, "Sijui Mzee, labda mgeni wa mtu." Mgeni wa mtu! Ni mgeni wako! Nilipokwisha kuinuka na hii miguu yangu, ameshaondoka. Mimi nimechoka, kwa kweli. Mnalia kila siku kwamba wanachama hawaji, michango haiji, vijana hawana moyo. Moyo wa kuja kufanya nini, kusimama mlangoni?

Basi nakuusia, na ulishike. Mgeni akiingia, inuka wewe mwenye cheo umfuate, usingoje akufuate. Muulize jina ulitumie siku hiyohiyo, muulize amefikia wapi na kwao wazima. Mkalishe katikati ya watu, pembeni pameshajaa. Kazi ikija mgawie naye, hata kama ni vifungo tu, kwa sababu hamtamzoea akiwa amekaa bure. Ukitaka kumtania, kula naye kwanza. Akisusa mtu, mfuate kabla hajafika barabarani, usitume ujumbe wa simu. Na ukiwa wewe ndiye mgeni umekaribishwa vibaya, sema, usinune kama nilivyonuna mimi, maana si kila mahali utamkuta Mzee Mponda wa kukukimbiza na makobadhi. Cheo hicho hukupewa kwa ajili ya meza. Umepewa watu.

Na yule binti mtafute leo. Usiniambie ulikuwa na shughuli.

Nakugombeza kwa sababu mkono wako wa kushona naupenda, nimeuona. Mungu akupe macho yasiyochoka na kifua cha kubeba maneno ya watu, akupe nyumba isiyokosa ugali wala mtu wa kula nawe, na siku utakapozeeka awepo kijana mmoja wa kukupa shikamoo kwa jina lako kamili. Nenda, mwanangu. Nimekuombea.